Futi Kamba Haijui Umri

Hotuba kwa askari wanyamapori wa vijiji, wafuata nyayo na viongozi wa jumuiya za hifadhi, Iringa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu mlioondoka vijijini kabla ya jogoo, na ninyi vijana wenye sare mpya: kamwene!

Mlioitika ni nusu. Kamwene!

Ahsanteni. Itifaki naomba ihesabike imezingatiwa, maana jua halimsubiri mzungumzaji. Nimeitwa niseme juu ya uwindaji wa wanyama wenye pembe za kusokota. Huo ni ukoo mpana. Yumo pofu, yumo pongo anayewamalizia mboga bondeni, nzohe wa kwenye matete ya mabwawa, nyala wa kusini mwa Afrika, bongo wa misitu ya Kongo na ya milima ya Kenya, halafu tandala mdogo na tandala mkubwa. Nikiwachukua wote tutalala hapa. Nitamsema tandala mkubwa, kwa sababu ndiye mliye naye, kuanzia Ruaha hadi Rungwa, ndiye ambaye mwindaji mgeni hupanda ndege mbili tatu kumfuata, na kwa maoni yangu ndiye tunayemwinda kwa akili ndogo kuliko anavyostahili.

Neno langu ni moja na nitalirudia mpaka mchoke. Kumwinda tandala ni kuchagua. Anayechagua ni mwindaji. Asiyechagua, awe amelipia leseni kwa dola au ametega waya wa breki ya baiskeli, kazi anayoifanya porini ni ile ile. Najua kauli hiyo itawaudhi wenye leseni. Wavumilie, tutafika kwao.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Dume aliyekomaa ana kilo 190 mpaka 270, na wachache hupita 300. Begani anakaribia mita moja na nusu. Ubavuni ana mistari myeupe, 6 hadi 10, ana alama nyeupe katikati ya macho, na manyoya marefu yanayoning'inia kooni. Jike hana pembe. Mnyama mkubwa hivyo ungedhani kumwona ni rahisi. Nenda kamtafute saa nne asubuhi kwenye vichaka vya mteremkoni, uone. Anasimama. Hiyo ndiyo silaha yake ya kwanza: anasimama tuli, masikio yake mapana ndiyo pekee yanayozunguka, na ile mistari inapotelea kwenye vijiti na mwanga. Mfuata nyayo hodari hamtafuti tandala. Anatafuta sikio linalotikisika, ncha ya pembe inayong'aa, mstari mweupe uliosimama mahali ambapo kijiti hakina sababu ya kusimama. Ukitafuta mnyama mzima utarudi kambini na vumbi.

Silaha yake ya pili ni kubweka. Mliolala porini mnaijua ile sauti, nzito na ya ghafla, na ikishatoka mjue kundi lote limekwenda. Upepo nao mnaufahamu, sina haja ya kuwafundisha mfuko wa majivu wa kupimia uelekeo wake. Ila niseme juu ya udhaifu wake, maana ndipo makosa mengi hufanyika. Dume akikurupushwa hukimbia, mkia ameukunja juu weupe wa chini unaonekana, pembe amezilaza mgongoni zisinase matawi. Halafu akifika penye kivuli husimama, akageuza shingo kutazama kilichomshtua. Wengi wamempiga hapo. Mgeni anatetemeka, mwindaji bingwa anayemwongoza ananong'ona "piga, piga", mfuata nyayo amenyoosha kidole, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwangalia yule mnyama sawasawa. Wamemwona ana pembe, basi.

Sasa hizo pembe. Hapa naomba wenye kalamu waandike.

Ndama dume huanza kuota pembe akiwa na miezi 6 hadi 12. Mzunguko wa kwanza anaupata akikaribia miaka miwili. Mizunguko miwili na nusu, ambayo ndiyo pembe kamili, anaifikisha akiwa na miaka 6 hivi. Kwa hiyo ukikutana na dume mwenye mizunguko miwili, ncha bado hazijafunguka kuelekea nje na mbele, shingo nyembamba, mwili wa kahawia uliotakata, huyo ni kijana wa miaka minne au mitano. Kwa mgeni aliyetoka nyumbani kwake hajawahi kumwona tandala, huyo anavutia kupita kiasi. Na kweli anavutia. Lakini hajapanda jike hata mmoja, au amepanda kwa bahati ya kuiba. Kwa tandala anayepanda ni dume mkubwa. Vijana hutembea na vijana wenzao, wakisukumana pembe, wakisubiri zamu. Ukimpiga wakati huo umemchukua baada ya miaka yote ya kula majani yako na kabla ya kukulipa.

Mwingine ni wa miaka 6 mpaka 8. Shingo imejaa, nundu ya begani imesimama, ncha zimefunguka na zina weupe mkali. Huyo ndiye baba wa pori. Majira ya kupandana yakifika yeye ndiye anayezunguka kutoka kundi moja la majike hadi jingine.

Halafu yupo mzee. Naomba mmjue huyu kwa sura, maana hotuba yote inamhusu yeye. Rangi yake imegeuka kijivu cha kuelekea buluu, kwa sababu manyoya yamepungua na ngozi inaonekana. Shingo nene, lakini mgongo umeanza kuonyesha mifupa. Ncha za pembe ni butu: zile ncha nyeupe zimeliwa na miaka ya kugombana, kuchimba ardhi na kukwangua miti. Shinani, pembe iliyokuwa na makunyanzi imelainika. Anatembea peke yake au na mzee mwenziwe, kwenye korongo moja lile lile, na asubuhi hutoka kuota jua amechelewa. Huyo hana miaka mingi mbele yake. Norman Owen-Smith, mtafiti aliyewafuatilia tandala wa hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kwa muda mrefu, alionyesha kwamba madume wakishakomaa hufa kwa kasi kubwa kuliko majike. Mwili mkubwa unataka chakula kingi, kiangazi kinakuja mara tu baada ya dume kumaliza nguvu zake kwenye majike, na simba anajua kuchagua hata kama sisi hatujui. Jike anaweza kufikisha miaka 14. Dume akipita 9 amebahatika.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu.

Mwaka 1892 kampuni ya Rowland Ward ya London, mafundi wa kukausha wanyama, ilianza kuchapisha orodha ya vipimo vya nyara za wawindaji. Tangu hapo mtu anaingia pori la Afrika akiwa na namba kichwani. Kwa tandala, futi kamba inaanzia shinani, inafuata ukingo wa pembe ukizunguka nao mpaka nchani. Pembe ndefu kabisa iliyowahi kuandikwa inapita sentimita 187. Vizuri. Lakini angalieni jambo hili: yule mzee niliyewaeleza, ambaye ncha zake zimesagika, kwa futi kamba ni mfupi kuliko alivyokuwa akiwa na miaka 7. Kila mwaka anaoishi baada ya hapo unampunguzia alama. Kwa hiyo mgeni anayetaka jina lake liingie kwenye orodha atamruka mzee, anayestahili kupigwa, na kumpiga baba wa pori, anayestahili kuachwa. Ni sawa na kuwapa wakulima zawadi kwa urefu wa bua la muhindi bila kumenya gunzi. Futi kamba haijui umri. Haikutengenezwa kuujua.

Tena kuna hasara ya pili, ndogo lakini ya kila msimu. Pale ambapo baba wa pori hapatikani, na muda wa safari unaisha, na mgeni amelipa, kijana wa miaka minne anaanza kuonekana mkubwa. Nimewasikia waongozaji wakisema "miguu yake ni mirefu, pembe zitakuwa ndefu" kana kwamba wanamnunulia mtu suruali. Siku ya mwisho ya safari ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa tandala vijana. Askari mliomo kwenye msafara, siku hiyo ndiyo mkae macho.

Mtaniuliza: kuna njia nyingine? Ipo, na hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2004 watafiti wa simba wa Serengeti, akiwemo Craig Packer, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba pua ya simba huota madoa meusi kadiri anavyozeeka, na kwamba ukipiga madume wenye miaka 6 kwenda juu peke yao, ukoo wa simba hauyumbi. Watu walicheka: nani atasoma pua ya simba kwa darubini? Kanuni zetu za uwindaji wa kitalii za 2010 zikaweka miaka 6. Leo mwindaji bingwa anayemleta simba kijana ana maswali ya kujibu. Hatukumpima simba kwa urefu wa sharubu, tulimpima kwa umri. Na Namibia, chama chao cha wawindaji bingwa kina utaratibu wa kuwapa nishani wanyama kwa umri, tandala akiwemo, kiasi kwamba pembe iliyosagika ncha ni sifa badala ya kasoro. Kama wao wameweza, pembe inayosomeka kwa macho matupu inatushindaje sisi tulioweza pua?

Niwasogeze pembeni kidogo. Kule Kalahari ya kati, Botswana, Wasan waliwinda tandala kwa miguu yao wenyewe. Siyo kumnyemelea, kumfukuza. Louis Liebenberg wa Afrika Kusini alikimbia nao na kuandika alichokiona. Wanaondoka wakati jua limekuwa kali, nyuzi 40 hivi. Wanamkurupusha mnyama, anakwenda kivulini, hajapoa wamefika, anakimbia tena. Hivyo hivyo kwa saa kadhaa, kilomita 25, 30, mpaka mnyama anasimama hawezi tena kupandisha miguu, mkuki unamaliza. Sasa sikieni wanavyochagua: kwa tandala wanamtaka dume mwenye pembe nzito, kwa sababu pembe zile zinamchosha mapema kuliko jike. Vijana wanacheka, lakini tazama akili iliyomo. Pembe ile ile, kwa mtu mmoja ni namba ya kuandikwa London, kwa mwingine ni mzigo wa mnyama unaomwambia yupi atachoka kwanza. Na wakati wote huo mkimbiaji anasoma nyayo: huyu amejitenga na wenzake, huyu ameanza kuburuta kwato, tusimchanganye na yule mwingine. Kuchagua kunaendelea mpaka mwisho.

Kwetu, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi nao wanamwinda tandala, kwa upinde na mshale wenye sumu ya waridi la jangwani. Mwindaji akishamchoma hamkimbizi ovyo. Anasubiri, halafu anafuata damu na nyayo. Na nyama ikifika kambini haigawanywi kiholela, kuna sehemu ambazo ni za wanaume waliokwisha ingizwa kwenye epeme, yaani mila yao ya siri ya wanaume, peke yao. Siwaambii mkawaige. Kwa mimi na wewe mshale wa sumu ni marufuku kisheria, na mgeni wa miaka 65 kutoka Madrid ukimwambia akimbie kilomita 30 utarudi na jeneza. Nataka mjue tu kwamba kuchagua si elimu iliyokuja na leseni. Ilikuwapo.

Nimewasema wenye leseni vya kutosha. Sasa zamu ya kijiji, na hapa wengine wataangalia chini.

Waya. Unatoka kwenye tairi lililochomwa, kwenye breki ya baiskeli, kwenye nguzo za simu. Haugharimu chochote, haulali na hauogopi. Mwezi wa kumi, maji yakipungua, unategwa kwenye njia za kushukia mtoni. Mnajua hali ya Ruaha Mkuu: tangu 1993 mto ule umekuwa ukikauka kila kiangazi, kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu kule Usangu kwenye mashamba ya mpunga na mengineyo. Kwa hiyo wanyama wanabanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, na mtegaji hana haja ya kufikiri. Anaweka nyaya kumi kwenye njia moja. Anarudi baada ya siku mbili kama amekumbuka. Wa kwanza kunaswa ni jike, kwa sababu majike ndio wengi na ndio wanaotembea kwa kundi.

Jike wa tandala hubeba mimba miezi minane na siku kadhaa, huzaa ndama mmoja, na wiki za mwanzo humficha majanini akirudi kumnyonyesha. Waya ukimshika mama wakati huo umeua wawili na ukala mmoja. Na mara nyingi huli hata huyo mmoja. Fisi amekutangulia, au nyama imeoza, au waya umekatika na mnyama amekwenda nao shingoni kufia mbali. Nimekaa na wazee waliowinda enzi zao kwa mbwa na mikuki. Wanaudharau waya kuliko hata sisi wa serikali. Mzee mmoja aliniambia waya ni uwindaji wa mtu aliyelala.

Sitasimama hapa kumtukana mwenye njaa. Historia ya jambo hili si safi. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji katika koloni hili, na tangu siku zile mwenyeji aliyekuwa akila tandala akaanza kuitwa mwizi, wakati mgeni mwenye bunduki akaitwa mwanamichezo. Hilo lilikuwa jeraha na halijapona lote. Mtoto anayemwona mgeni amepiga tandala, pembe zimepakiwa, gari limeondoka, na kijijini haijafika hata paja, huyo ukimfundisha uhifadhi darasani anakusikiliza kwa adabu tu.

Wako wanaosema dawa ni kufunga uwindaji wote. Tumewahi kufunga. Kuanzia 1973 hadi 1978 nchi hii haikuwa na uwindaji wa leseni, na majangili hawakwenda likizo. Jirani zetu Kenya walifunga 1977 na hawajafungua mpaka leo. Utafiti uliochapishwa 2016 na Joseph Ogutu na wenzake ulionyesha kwamba tangu mwaka ule wa 1977 wanyama wakubwa wa nyanda kame za Kenya wamepungua kwa wastani wa asilimia 68, na tandala mdogo ni miongoni mwa walioporomoka zaidi. Sisemi wamepungua kwa sababu walifunga. Mashamba, mifugo na uzio vimefanya kazi yao, na pengine bila kufunga ingekuwa mbaya zaidi. Ninasema kufunga peke yake hakukuwalinda. Nchi hiyo hiyo ya Kenya ina bongo wa milimani ambao porini hawafiki 100, na kwa miaka sasa wanarudishiwa bongo waliozaliwa Marekani ili kuujaza tena ukoo. Ukifikia hatua ya kumletea mnyama wa Mlima Kenya tiketi ya ndege kutoka Florida, umechelewa.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuwinda kidogo, kwa kuchagua, na kwa hesabu ya wazi. Hilo la mwisho ni lenu, viongozi wa jumuiya. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji someni kwa sauti: msimu huu mgao wetu, yaani tandala walioruhusiwa kupigwa, ulikuwa wangapi, wamepigwa wangapi, waliojeruhiwa wakapotea wangapi, na kila mmoja ameleta shilingi ngapi. Aliyejeruhiwa akapotea naye ni maiti, mwandikeni na alipiwe. Kama hesabu hiyo haisomwi, msishangae nyaya zikiongezeka. Na nyama itoke porini ifike kijijini siku hiyo hiyo, imegawanywa mbele ya watu, siyo kwenye ndoo za wajanja. Dume mmoja ana nyama ya kutosha kaya nyingi. Kuiacha ioze kambini ni tusi. Tangu kanuni za 2020 zinazoruhusu biashara ya nyamapori, bucha halali linawezekana pia. Mwenye bucha atataka nyama yenye karatasi, na nyama ya waya haina karatasi. Hapo mmempata mtu wa tatu anayeuchukia waya.

Niseme haraka mambo mawili ya usalama, maana daktari wa mifugo ameniomba. La kwanza: tandala anayekuja kwa watu bila woga, anadondosha mate, anaingia mpaka uani, msimshike na msimchinje. Namibia, kuanzia 1977, kichaa cha mbwa kiliingia kwa tandala na kikaua maelfu kwa maelfu. Wao wenyewe walikuwa wakiambukizana kwa mate. Mtu akishika mdomo wa mnyama wa namna hiyo kwa mkono wenye jeraha, aoshe kwa maji na sabuni na aende zahanati siku ile ile, asingoje dalili. La pili: mzoga usio na jeraha, damu inatoka puani na haigandi, usipasuliwe hata kwa udadisi. Toeni taarifa. Wazee wanaikumbuka sotoka kwa masimulizi ya babu zao, jinsi miaka ya 1890 ilivyomaliza ng'ombe pamoja na nyati, pofu na tandala wa nchi nzima. Dunia ilitangaza mwaka 2011 kwamba sotoka imekwisha. Imekwisha hiyo, nyingine zipo.

Sheria mnayo kwenye vitabu vyenu, ile Namba 5 ya 2009, sitawasomea. Kumbukeni tu yale ambayo mgeni atajifanya hayajui: hapigi akiwa ndani ya gari, hapigi usiku kwa taa, hapigi jike mwenye mimba wala mwenye ndama. Mwindaji bingwa akikwambia "tulikubaliana na ofisi", mwambie akuonyeshe karatasi.

Nimalizie na ombi la kazi. Msimu ujao, kila tandala atakayepigwa kwenye maeneo yenu, kabla ya mtu yeyote kutoa futi kamba, askari aandike mambo manne: ncha zimefunguka au hazijafunguka, zina weupe mkali au zimesagika, shina lina makunyanzi au limelainika, na alikuwa na nani alipoonekana. Mwenyekiti, hilo halihitaji bajeti, linahitaji daftari. Halafu wachunaji wakate taya la chini, walichemshe, waliandike namba ya leseni kwa rangi na kulihifadhi. Meno yanasagika kwa mwaka, hayasagiki kwa kujisifu. Baada ya misimu mitatu mtakuwa na taya za kutosha kuonyesha ofisi ya wanyamapori ni wangapi walikuwa wazee, wangapi baba wa pori, wangapi vijana. Mtu akija na mgao mpya mtamjibu kwa mifupa. Nami naona, na hapa ni maoni yangu siyo ya serikali, kwamba mkikuta zaidi ya nusu ni vijana, mgao wenu ukatwe mwaka unaofuata hata kama fedha itapungua, na kampuni iliyowapiga ielezwe kwa nini.

Kwenye gari nimekuja na mafuvu kumi na mawili, yameshapangwa chini ya mwembe pale nyuma ya jengo. Kila kikundi kichukue mawili. Msipime kwa kitu chochote. Semeni umri, toeni sababu, kisha kikundi kingine kiwapinge. Kuna mawili niliyochanganya makusudi, moja ni la kijana mwenye pembe ndefu kuliko zote pale na moja ni la mzee mwenye pembe fupi. Atakayeyatambua kwanza atakula kabla ya mkuu wa wilaya. Haya, simameni.